Jina Kwenye Baiskeli Nyeupe

Kila asubuhi basi la 177 lilipofika ile kona ya Peckham, Noëlla aligeuza uso dirishani akasoma jina la kaka yake aliye hai kwenye baiskeli ya mume wake aliyekufa. LEONARD. Herufi nyeusi za mtu mwenye haraka, juu ya kibao kilichofungwa kwa waya kwenye fremu iliyopakwa nyeupe yote, kuanzia usukani hadi matairi. Maua ya plastiki yalikuwa yamepauka. Kengele ilikuwa imeshaibiwa. Kisha basi liliondoka, naye akaendelea na safari ya kwenda kumwosha na kumvisha bibi mmoja mgonjwa, ambaye kila siku alimuuliza ametoka nchi gani, akajibiwa, akasahau.

Mume wake aliitwa Gires. Serikali ya Uingereza, kabla ya kumruhusu mke amlete mumewe, inataka aonyeshe mshahara ambao hakuna mwosha wazee anayeupata. Basi Gires alikuja mwenyewe kwa njia za watu wasio na njia, akaomba hifadhi, akaambiwa asubiri jibu, na wakati anasubiri asithubutu kufanya kazi. Lakini jibu haliliwi. Leonard, kaka mkubwa wa Noëlla, alikuwa na makaratasi na akaunti ya kupeleka vyakula kwa baiskeli. Akampa shemeji yake simu. "Wewe shika mchana, mimi nitashika jioni," alisema. Jina lililowaka kwenye simu ile lilikuwa Leonard, na vijana waliokaa naye nje ya duka la kuku wakingoja oda walimwita Leonard, naye akaitika. Mtindo huu unajulikana London nzima. Wenye kampuni wanaujua, ila huwa hawaoni kitu mpaka siku mtu anapolala chini ya lori.

Lori lilikuwa la kokoto. Lilipinda kushoto, dereva hakumwona. Polisi waliandika Gires. Hospitali iliandika Gires. Kampuni, ilipoulizwa, ilijibu kwamba haina mtu wa jina hilo. Na wale vijana wa duka la kuku, waliompenda, walifanya kama waendesha baiskeli wa mji huu wafanyavyo mwenzao anapouawa barabarani: walitafuta fremu kuukuu, wakaipaka nyeupe, wakaifunga kwa mnyororo palepale alipoangukia, wakaandika jina walilolijua. Noëlla wakati huo alikuwa kwenye matanga huko Woolwich, juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, akina mama wamemzunguka. Alipokuja kuiona baiskeli, rangi ya jina ilikuwa imeshakauka.

"Waache, dada," Leonard alimwambia siku ile. "Ukibadilisha watauliza Leonard ni nani. Ombi langu la uraia liko mezani kwao. Watoto wangu wako Goma wananingoja."

Akawaacha. Leonard akashika simu yake mchana na jioni, na jina walilomwandikia marehemu likaendelea kupeleka kuku.

*

Mambo yaliharibika siku kaunsi, yaani halmashauri ya mtaa, walipopiga simu wakiwa na habari njema. Chama cha waendesha baiskeli kilikuwa kimepigana, na kaunsi wamekubali: baiskeli nyeupe itaondolewa, na badala yake kibao cha chuma kitapigiliwa ukutani, cha kudumu. Mama wa kaunsi alikuwa mpole sana kwenye simu. Alimwomba Noëlla aje Jumatatu kuthibitisha jina kabla halijapelekwa kwa fundi.

"Ni Leonard, sivyo?" aliuliza. "Na jina la ukoo?"

Noëlla alisema atajibu Jumatatu.

Jioni ileile ikaingia sauti ya mama mkwe kutoka Goma. Mama Anne-Marie hakuwa mtu wa kuandika. Aliongea kwenye simu kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, na Noëlla alimwita kwa jina la bintiye.

"Mama Miradie! Mwaka umepita. Hiyo nyeusi itakuozea mwilini. Lakini mimi siondoi matanga ya mtoto wangu kabla sijaona jina lake pale alipofia. Foto zako zote unanitumia gurudumu. Gurudumu na kidole chako! Mimi nilizaa gurudumu? Nitumie jina."

Ilikuwa kweli. Kila picha aliyotuma Noëlla aliikata pembeni, au aliziba kibao kwa kidole gumba. Na katika ukoo wa Gires mjane havui nyeusi mpaka mama wa marehemu atamke. Mama Anne-Marie alikuwa hajatamka.

Jikoni kwa Noëlla, Leonard alisikiliza ujumbe ule hadi mwisho, kijiko kikiwa hewani.

"Waambie wasiandike jina," alisema. "Waandike 'mwendesha baiskeli', basi. Kama yule wa dhahabu wa Goma. Yule ana jina?"

Pale Goma, kwenye mzunguko wa barabara, amesimama mtu wa rangi ya dhahabu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Chukudu imebeba viazi, makaa na kabichi za mji ule, na lava ya volkano ilipoufunika mji ikabeba mbao na mawe ya kuujenga upya, wakati wakubwa wakiwa kwenye mikutano. Gires aliisukuma kabla hajaoa. Alishuka nayo kutoka Kibumba, goti moja juu ya kipande cha mpira, mzigo ukimzidi urefu, watoto wakimkimbilia kandokando wakishangilia. Askari waliozoea kudai chochote kwa kila apitaye walimpisha, kwa sababu chukudu yenye mzigo ikiteremka haijui kusimama.

"Yule wa Goma hana jina kwa kuwa hajafa," Noëlla alisema. "Ile ni kazi. Kila anayesukuma anaweza kupita pale akasema ni mimi huyo. Gires amekufa, yaya. Amekufa peke yake." Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utotoni.

"Na mimi niko hai. Na wanangu wako hai."

Mzee Vijay, aliyekuwa kwenye kona na kikombe chake cha chai, akakohoa. Vijay alizaliwa Kisumu, mtoto wa muuza baiskeli, na mwenyewe alikuwa na karakana ya baiskeli Woolwich, ingawa alilala Neasden karibu na hekalu. Wapeleka vyakula walimletea minyororo na breki zao, na Gires alikuwa rafiki yake tangu siku ya kwanza waliposalimiana kwa Kiswahili. Ndiye aliyetoa ile fremu kuukuu ipakwe nyeupe, bila kujua wataandika nini. Tena alikuwa na ugonjwa mmoja: aliwajua wapanda baiskeli waliokufa zamani kama wengine wanavyowajua watakatifu.

"Sikiza, Mama Miradie," alisema. "Hii si kitu ya kuamulia jikoni. Jumamosi mimi nachukua van. Twende kaskazini uone hawa watu wamewawekea wapanda baiskeli wao nini. Jumatatu utaongea na kaunsi ukiwa umejionea."

"Na mafuta ya gari?"

"Mafuta ni ya Mungu."

"Mungu yupi?" Leonard aliuliza.

"Wangu. Wako ako busy na uraia wako."

Hata Noëlla alicheka, kisha akaona aibu kucheka ndani ya nguo nyeusi.

*

Waliondoka na chapati za Vijay na bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, lisilotiwa samaki kwa heshima yake asiyekula nyama wala samaki. Miradie, binti wa Noëlla, alikaa nyuma kati ya pampu na matairi, visikizi masikioni. Alikuwa wa sekondari, na alikielewa Kiswahili chote, lakini kila alichoulizwa alikijibu kwa Kiingereza. Leonard alivaa koti lake la kazi, lile lenye mistari inayong'aa, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa na joto.

Kwenye mgahawa mmoja wa kando ya barabara kuu alishuka kununua chai. Alisimama kwenye foleni kama watu. Zamu yake ilipofika, msichana wa kaunta alilitazama koti, si uso, akanyoosha kidole.

"Wapeleka vyakula wanangojea nje, mlango wa pembeni."

"Nataka chai nne."

"Sawa, lakini wapeleka vyakula wanangojea nje."

Na jambo baya ni kwamba alitoka. Miguu yake ilimtoa yenyewe, kwa mazoea. Alisimama kwenye upepo mbele ya mlango wa pembeni mpaka akakumbuka kwamba hakuwa kazini. Akarudi kwenye van mikono mitupu.

"Chai iko wapi?" Noëlla aliuliza.

"Imeisha."

Miradie alikuwa ameona yote kupitia kioo. Alitoa visikizi, akampa mjomba wake chupa yake ya maji, akamwambia polepole, kwa Kiingereza, kwamba haijaisha. Vijay aliingia ndani. Alirudi na vikombe vinne, masikio yamemwiva.

*

Harworth ni mji wa wachimba makaa usio na mgodi tena. Jiwe walilolifuata liko karibu na klabu ya michezo, mahali ambapo watu hupita na mbwa wao bila kutazama. Mtu alikuwa ameacha chupa ya maji chini yake, ya kuendeshea baiskeli, imejaa, kama anayekumbukwa pale bado ana kiu.

Vijay alivua kofia.

"Huyu ni Tom Simpson. Baba yake alichimba makaa. Mtoto akapanda baiskeli mpaka akawa bingwa wa dunia, na kabla yake hakuna Mwingereza alikuwa amelichukua lile taji la barabarani la wanaume wa kulipwa. Akafia mlima mmoja Ufaransa, jua kali, alianguka, wakamrudisha juu ya baiskeli, akaanguka tena. Kule mlimani kuna jiwe. Hili ni ndugu yake."

"Alikufa kwa nini?" Noëlla aliuliza.

Vijay alikuna kichwa. "Joto. Uchovu. Na vidonge. Walimkuta na vidonge vya kutia nguvu. Dunia nzima inajua."

Leonard aligeuka. "Kwa hiyo alivunja sheria."

"Alivunja."

"Na jina wameliandika?"

"Si uko na macho?"

Leonard alisoma. Akaliangalia jiwe lile kwa muda, akaizungusha ile chupa ya maji ili isimame vizuri zaidi. Mtoto wa mchimba makaa, aliyetafuta riziki kwa miguu katika nchi ya watu, akapanda hadi moyo ukakataa. Alikuwa ni mtu ambaye Gires angemwelewa bila mkalimani.

Lakini Leonard alikuwa na hasira tangu kule mgahawani, na ilibidi aitoe mahali.

"Wazuri," alisema. "Wote wazuri. Lakini hii mbio yao ilianzia wapi? Matairi ya mpira ya Wazungu yalipoanza, mpira ulitoka kwetu. Babu alituhadithia, dada, unakumbuka. Walikinga utomvu msituni. Asiyejaza kikapu alikatwa mkono. Huku watu wakasema, ah, baiskeli siku hizi imekuwa laini! Sisi tuko kwenye mbio hizi tangu siku ya kwanza. Nani alituandika? Jiwe letu liko wapi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mbwa aliongeza mwendo.

"Unaona?" Noëlla alisema. "Hata wewe unataka jina."

Leonard akaenda kukaa ndani ya van.

*

Morley, kando ya Leeds, walikuta bustani ndogo na ukuta mzima uliochorwa mwanamke juu ya baiskeli. Alikuwa ameinama, uso wa mtu asiye na muda wa kupoteza. Hakuwa mrembo wa matangazo. Alifanana na akina mama anaowaona Noëlla kwenye basi la alfajiri.

"Beryl Burton," Vijay alisema, na safari hii sauti ilimtoka kama ya mtu anayemtambulisha dada yake. "Utotoni aliugua, madaktari wakasema asijichoshe. Akaolewa, akazaa, akaenda kufanya kazi shambani, shamba la rhubarb, ile mimea ya mabua mekundu wanapika na sukari. Kuinama na kubeba, mvua, baridi. Halafu akitoka shambani anapanda baiskeli. Siku moja kulikuwa na mashindano ya kutwa nzima. Wanaume wakaanzishwa mbele, wanawake nyuma. Huyu mama akawapita mmoja mmoja. Akamfikia wa mwisho, yule mwenyewe aliyekuwa anaongoza wote. Unajua alifanya nini?"

"Alimtukana," Miradie alisema, kwa Kiingereza.

"Alitoa peremende mfukoni, akampa, akaendelea."

Miradie alicheka hadi akainama. Noëlla naye alitabasamu akiutazama ukuta. Peremende! Ni mwanamke aliyezoea kulea tu ndiye angefikiria dharau tamu kama ile.

"Huyu naye alikufaje?" aliuliza.

"Juu ya baiskeli. Alikuwa ameshaacha ubingwa. Alikuwa anapeleka kadi za mwaliko wa sikukuu yake ya kuzaliwa."

Noëlla alitafuta benchi kwa mkono bila kuangalia, akakaa.

"Alikuwa anapeleka," alisema.

"Ndiyo, Mama Miradie."

"Vitu vya watu. Nyumba kwa nyumba."

"Ndiyo."

Bibi mmoja mwenye kigari cha sokoni alisimama kando yao. Aliutazama ukuta, akawatazama wao, akasema kitu. Vijay akatafsiri kwa Noëlla, ingawa Noëlla alikuwa amesikia: "Anasema, huyu ni Beryl wetu." Bibi alimgeukia Leonard, akaligusa koti lake kwenye mkono, kwenye ule mstari unaong'aa. Alisema kwamba huwaona vijana wenye makoti kama lile wakipita hata kwenye theluji, na kwamba Beryl angewapenda.

Leonard alishukuru mara nyingi kuliko inavyohitajika.

*

Wakati wa kurudi Vijay alizima redio ili awaeleze habari za sanamu moja iliyoko Manchester ambayo hawangeifikia. Hakuna aliyemsikiliza. Leonard alikuwa akizungumza na kioo cha mbele.

"Huyo Simpson ni wao. Watamsamehe. Mimi nani atanisamehe? Nikisema nilimpa mtu simu, kampuni itafunga akaunti kabla sijamaliza sentensi. Na wa uraia watasema, huyu hana tabia njema. Tabia njema! Wanangu nimewaacha mmoja anatambaa. Sasa ananitumia picha ana ndevu."

"Nimekusikia, yaya," Noëlla alisema.

"Sisemi Gires hakustahili. Alistahili ukuta mzima."

"Nimekusikia."

Ndipo Miradie alipotoa visikizi. Aliongea Kiingereza, macho yakiwa kwenye magoti yake, na kwa kuwa alisema polepole kila mtu alielewa kila neno. Shuleni, alisema, basi lao linapita pale. Wenzake wote wanaijua ile baiskeli. Siku moja mwalimu alimuuliza mbele ya darasa, kwa upole, kama ile ni ya baba yake, Leonard. Akasema ndiyo. Tangu hapo ni hivyo. Walimfanyia baba Leonard dakika ya ukimya. Rafiki yake mmoja alimwandikia shairi baba Leonard.

"Mbona hukuniambia?" Noëlla aliuliza.

Miradie aliinua mabega. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, alisema kwa Kiswahili, kile cha kuunganisha vipande.

"Mlisema tusiseme."

Van ilinguruma. Vijay aliendesha kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Leonard aliweka paji la uso kwenye kioo cha pembeni na hakulitoa hapo mpaka taa za London zilipoanza.

*

Jumapili, kanisani, Noëlla aliwaona akilini watoto wa kaka yake. Yule wa ndevu alikuwa amemtumia pole ya msiba kwa sauti inayovunjika. Aliwaza kwamba marehemu hawezi kufukuzwa nchini, wala kunyimwa kitu ambacho hajakwisha kunyimwa. Wimbo wa mwisho ulipokuwa ukiimbwa alikuwa ameamua: atawaambia waandike "mwendesha baiskeli". Mama Anne-Marie atalia, atazoea. Na nyeusi ataivaa. Miradie alipoambiwa, alikwenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatatu Vijay alimsindikiza. Ofisi ya kaunsi ilikuwa na zulia safi na bakuli la biskuti. Mama wa kaunsi aliwapa mkono, akasema pole kwa namna ya mtu anayeimaanisha, akafungua kompyuta.

"Leonard," alisoma. "Tunahitaji tu jina la ukoo."

"Nimefikiri," Noëlla alianza, kwa Kiingereza chake cha kazini. "Ningeomba kusiwe na jina."

Mlango uligongwa. Leonard aliingia akiwa na koti lake la kazi na kofia ya baiskeli mkononi, anahema. Alikuwa amesema haji.

"Samahani, umekuja kuleta chakula?" mama wa kaunsi aliuliza.

"Hapana," alisema Leonard. "Leonard ni mimi."

Mama wa kaunsi alitazama kompyuta yake, akamtazama yeye. Noëlla aliunyoosha mguu chini ya meza akaukanyaga mguu wa kaka yake, kwa nguvu, kama alivyomkanyaga utotoni alipotaka kusema jambo mbele ya baba. Leonard aliuacha mguu wake ukanyagwe.

"Huyo mnayemwandika ni mimi, na niko hai. Aliyekufa anaitwa Gires Muhindo, mume wa huyu dada yangu. Alikuwa anafanya kazi kwa jina langu kwa kuwa nyinyi mlimkataza kufanya kwa lake. Simu nilimpa mimi. Hiyo andika popote unapotaka, lakini kwenye kibao uandike yeye."

Mama wa kaunsi alisema kwamba mambo ya simu si ya idara yake, na kwamba hajayasikia. Labda alikuwa mtu mwema. Lakini habari ya mtu aliye hai kwenye baiskeli ya maiti haikai ndani ya ofisi moja. Akaunti ya Leonard ilifungwa kabla wiki haijaisha, kwa ujumbe usio na saini. Na faili lake la uraia, mpaka sasa, liko mahali pale ambapo mafaili ya watu wetu hukaa.

Siku ile ofisini Leonard alimwandikia mama wa kaunsi jina la Gires kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja moja, akamwonyesha Noëlla ahakikishe.

"Kwa nini?" Noëlla alimuuliza kwenye ngazi, kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Nilikuwa nimeshawaambia wasiandike."

"Binti yako alimlilia baba aliye na jina langu," Leonard alisema. "Mimi nitampeleka wapi mtoto huyo?"

*

Kutoka kwa fundi, kibao cha chuma kingechukua wiki nyingi. Leonard hakutaka kungoja. Walikwenda moja kwa moja hadi ile kona ya Peckham, Vijay akatoa koleo kwenye mfuko wa koti, nao wakakata waya. Leonard alikishika kile kibao chenye jina lake kwa muda, kama mtu aliyekuta picha yake kwenye nyumba ya watu asiowajua. Kisha akakigeuza. Nyuma ilikuwa safi.

Vijana wa duka la kuku walikuja mmoja mmoja, mabegi yao ya mraba mgongoni.

"Bro, unaharibu nini hapo?" mmoja aliuliza.

"Natengeneza."

Aliwaeleza. Wawili kati yao waliangalia simu zao, majina yaliyokuwa yakiwaka mle ndani, na kuzirudisha mfukoni. Mmoja akaenda ndani ya duka akarudi na kalamu nene nyeusi. Leonard aliandika. GIRES MUHINDO. Hakuwa na haraka. Vijay alifunga waya mpya, akaipandisha kengele yake mwenyewe kwenye usukani mweupe, akaipiga mara moja kujaribu.

Noëlla alipiga picha. Vidole vyake vyote vilikuwa nyuma ya simu. Akaituma.

Jibu lilikawia, kisha likaja. Aliliweka kwa sauti kubwa, nao wakasogea wote, na vijana wa kuku wasiojua Kiswahili wakasogea pia. Mama Anne-Marie alijifunza kusoma uzeeni, kanisani, na alisoma kama mtu anayevuka maji kwa mawe.

"Gi-res," alisema. "Mu-hi-ndo."

Jogoo alisikika kwa mbali, na pikipiki.

"Ni yeye," alisema. "Haya, mwanangu. Vua nyeusi."

Noëlla alifungua kitambaa cheusi kichwani mwake palepale, mbele ya watu na mabasi, akakikunja vizuri, akakitia kwenye mkoba. Upepo wa Peckham ulimpiga kwenye nywele.

Simu ya Leonard ikalia. Oda ya kuku, barabara ya tatu kutoka hapo. Jina lake liliwaka kwenye kioo. Aliliangalia, akabonyeza kukubali, kwa kuwa akaunti ilikuwa bado haijafungwa na watoto walikuwa bado wanakula. Akachukua mfuko dukani, akapanda. Alipopita kando ya baiskeli nyeupe alinyoosha mkono akaipiga kengele, na alisikika akiipiga ya kwake pia, mbele kidogo, akiingia kwenye msafara wa magari.